Jinsi ya kufundisha watoto maisha ya kila siku ya Wamisri wa kale (anza na mkate, Firauni aje baadaye)

Watoto wetu wengi wanaingia kwenye hii mada wakiwa na vitu viwili tu kichwani, Firauni wa habari za Nabii Musa ambaye wamemsikia madrasa au shule ya Jumapili, na mamii, yaani maiti iliyozungushiwa vitambaa, kutoka kwenye katuni. Hapo katikati wamekosekana watu wenyewe, yaani mama aliyekuwa anasaga ngano alfajiri, baba aliyetoka kwenda kibaruani, punda aliyepandisha maji, mtoto aliyetumwa akakataa. Mi naona hao ndio wa kuanza nao, kwa sababu mtoto akishawajua watu, wafalme na mapiramidi anavielewa bila shida, ila ukianza na mapiramidi huwezi kurudi nyuma, atataka mamii tu. Mwongozo huu ni kwa mzazi nyumbani au mwalimu darasani, umri wa kama miaka 6 mpaka 12, na vifaa vingi ni vya jikoni na vya kuokota.

Hatua ya 1: kamba ya miaka

Usianze kusoma chochote kabla ya hii. Chukua kamba ya kama mita 5 na sentimita 15 hivi, ifunge ukutani au kwenye uzio, halafu waambie kila sentimita moja ni miaka 10. Upande mmoja ni leo, upande wa pili ni kama mwaka 3100 KK, pale Misri ya juu (kusini) na ya chini (kaskazini) zilipoungana kuwa nchi moja. Sasa mbandike vikaratasi kwa vibanio vya nguo: piramidi kubwa la mfalme Khufu kama 2560 KK, malkia Hatshepsut kama 1470 KK, Tutankhamun alikufa kama 1323 KK, Kleopatra alikufa 30 KK. Ongeza na vitu wanavyovijua, Hijra mwaka 622, Fort Jesus ya Mombasa 1593, mwaka aliozaliwa bibi yao.

Halafu waache wapime wenyewe kwa rula. Kutoka piramidi la Khufu mpaka Kleopatra ni sentimita 253, kutoka Kleopatra mpaka leo ni kama 205 tu! Yaani Kleopatra yuko karibu na sisi wenye simu kuliko alivyo karibu na waliojenga lile piramidi. Hapo hata mtu mzima anashtuka, na mtoto anaelewa mara moja kwamba "Wamisri wa kale" ni zaidi ya miaka 3,000 ya watu tofauti, kwa hiyo akisikia habari ya mtawala mmoja asidhani ndio Misri nzima.

Kamba iache pale pale siku zote za somo, kila mkijifunza kitu kipya kibandikwe.

Hatua ya 2: mto

Fungua ramani ya Afrika, mtoto aweke kidole Jinja, Uganda, pale Nile inapotoka Ziwa Viktoria, apande nayo taratibu mpaka Khartoum, halafu kidole kingine kianzie Ziwa Tana Ethiopia kishuke na Nile ya Bluu, vikutane Khartoum viende pamoja mpaka Bahari ya Kati. Kwa watoto wa kwetu hii ina uzito, wale wa Mwanza, Kisumu na Jinja wanaona maji ambayo mengine yanaishia Misri.

Ila waelezeni vizuri, yale mafuriko ya kila mwaka yalitoka hasa kwenye mvua za nyanda za juu za Ethiopia, maji yakashuka na tope jeusi lenye rutuba, mto ukapanda kiangazi, ukafunika mashamba, ukashuka, wakulima wakapanda kwenye tope bichi. Misri yenyewe mvua karibu hakuna. Ndio maana mwaka wao ulikuwa na misimu 3, mafuriko, kupanda, na mavuno, kila msimu miezi 4 ya siku 30, halafu mwisho wa mwaka wanaongeza siku 5 za sikukuu. Waulize watoto hesabu inatoka ngapi. 365, sawa na sisi. Siku hizi mafuriko hayo hayapo tena, bwawa kubwa la Aswan lililokamilika 1970 ndilo lililoyazuia.

Kwa vitendo: sinia, mchanga pande zote mbili, katikati mfereji wenye udongo wa shamba. Mimina maji mpaka yafurike, subiri yashuke, rusha mbegu za ngano au choroko kwenye udongo na nyingine kwenye mchanga mkavu, angalieni baada ya siku chache. Kama una muda tengenezeni na shadufu, mti mrefu unaopiga bembea juu ya nguzo, upande mmoja ndoo, upande mwingine jiwe la uzito, ambayo waliosoma historia sekondari mtaikumbuka kwenye picha za kilimo cha umwagiliaji. Vijiti, uzi na kizibo cha soda vinatosha.

Hatua ya 3: chagueni kijiji kimoja mkae nacho

Hili ndilo la maana kuliko yote kwenye huu mwongozo, naomba msiliruke. Msizunguke Misri nzima. Kaeni kijiji cha Deir el-Medina, ng'ambo ya magharibi ya mto, mkabala na mji wa Luxor wa leo. Waliishi hapo mafundi waliochonga na kupaka rangi makaburi ya wafalme kwenye Bonde la Wafalme, pamoja na wake na watoto wao, kwa zaidi ya miaka 400, mpaka kama 1080 KK. Ndani ya ukuta kulikuwa na nyumba kama 68 zimebanana zinashea kuta. Na hawa watu waliandika! Karatasi za mafunjo zilikuwa ghali, kwa hiyo waliandika kwenye vipande vya mawe na vigae vya vyungu vilivyovunjika, madeni, barua, ugomvi, orodha za kufua nguo, na wataalamu wamevikuta kwa maelfu. Hakuna sehemu nyingine ya Misri ya kale ambapo tunajua mambo ya jirani na jirani kiasi hiki.

Kijiji hakikuwa na kisima, maji yaliletwa na punda kutoka bondeni kila siku. Waulize watoto, familia ya watu 6 ingetumia madumu mangapi? Wanaobeba maji nyumbani watajibu vizuri kuliko wewe.

Sasa fyatueni tofali. Udongo wa mfinyanzi, mchanga kidogo, majani makavu yaliyokatwakatwa, maji, kanyageni kwa miguu, jazeni kwenye boksi la kiberiti kama kalibu, toeni, anikeni juani siku 3 au 4. Na ndivyo hivyo walivyojenga nyumba zao, hata za matajiri, mawe yalikuwa ya mahekalu na makaburi. Halafu jengeni nyumba moja ya Deir el-Medina: ni ndefu na nyembamba, chumba cha mbele, kinafuata sebule yenye nguzo katikati na kibaraza cha kukalia, kinafuata chumba kidogo, nyuma kabisa jiko lisilo na dari kamili ili moshi utoke, chini shimo la kuhifadhia vitu, na ngazi ya kupanda juu ya paa. Madirisha madogo, yako juu. Mwachie mtoto ajue mwenyewe kwa nini (joto, vumbi, jua). Juu ya paa watu walipata upepo jioni.

Usingizini waliweka kichwa kwenye kigoda kidogo cha mbao au jiwe kilichopinda juu. Wenye ndugu Turkana onyesheni ekicholong ya mzee (kigoda cha kukalia na kulalia kichwa), vinafanana sana kwa kazi.

Hatua ya 4: jikoni

Kwanza toeni mezani vyakula ambavyo havikuwepo. Mahindi, muhogo, viazi, nyanya, pilipili hoho, vyote asili yake ni bara la Amerika, Misri ya kale hakuna aliyewahi kuviona. Watoto wanashangaa, "walikula nini sasa?!" Ndipo unaweka vilivyokuwepo: ngano, shayiri, vitunguu maji, vitunguu saumu, dengu, maharage makubwa aina ya ful, matango, tende, tini, zabibu, asali, samaki, bata. Nyama ya ng'ombe mtu wa kawaida aliipata kwenye sikukuu.

Mkate fanyeni hivi: vikombe 2 vya atta, chumvi kidogo, maji, asali kijiko, tende zilizokatwa, ukande, uache usiku kucha uchachuke wenyewe kidogo, uoke kwenye sufuria yenye moto chini na juu au kwenye chungu. Kabla ya hapo mpe kila mtoto kiganja cha ngano nzima na jiwe asage kwa dakika 10. Atachoka, na atapata unga kidogo wenye chembe za jiwe ndani. Huo unga msile, muoneshe tu chembe, maana mafuvu ya Wamisri wengi meno yamesagika sana na sababu mojawapo ni mchanga kwenye mkate. Mama wa kule alifanya hiyo kazi amepiga magoti karibu kila siku.

Kinywaji chao cha kila siku kilikuwa pombe ya nafaka, nzito, wakubwa kwa wadogo. Msifiche, semeni ukweli kwamba ilikuwa sehemu ya chakula na ya mshahara, halafu pikeni togwa watoto wanywe.

Hatua ya 5: kazini (hapa ndipo watoto wanacheka na kuuliza maswali)

Kuna kipande cha jiwe cha kama miaka 3,250 iliyopita, kiko British Museum, kimeandikwa mahudhurio ya mafundi wa Deir el-Medina. Majina 40, na pembeni sababu za kutokuja kazini kwa wino mwekundu: huyu anaumwa macho, huyu ameumwa na nge, huyu anatengeneza pombe, huyu anamzika ndugu yake, huyu anajenga nyumba. Soma hizo sababu darasani bila kusema ni za lini, waulize ni ofisi gani. Wakishakisia, ndio unawapeleka kwenye kamba ya miaka.

Zoezi: kila mtoto anapewa kigae au kipande cha boksi, anaandika rejista ya familia yake kwa wiki nzima, nani hakuwepo na kwa nini. Ila wiki ya mafundi wale ilikuwa siku 10, mafundi wanafanya kazi siku 8 wanapumzika 2, wakati wa kazi wanalala kwenye vibanda mlimani karibu na makaburi. Watengeneze kalenda hiyo waone wangependa au la.

Mshahara haukuwa pesa, sarafu hazikuwepo. Fundi wa kawaida alilipwa kwa mwezi magunia 4 ya ngano na gunia 1 na nusu ya shayiri, na gunia lao lilikuwa kama lita 76, yaani karibu debe 4 za lita 20. Bei za vitu walizipima kwa deben, uzani wa shaba wa kama gramu 91, lakini unaweza ukalipa kwa kikapu, kitambaa, mafuta na mbuzi mradi thamani ilingane. Chezeni soko hivyo bila hela kabisa, mtaona watoto wanavyojifunza hesabu na kubishana bei kwa wakati mmoja.

Na igizeni mgomo. Mwaka wa 29 wa utawala wa mfalme Ramses III, kama 1157 KK, nafaka zilichelewa, mafundi wakaacha kazi wakatoka kijijini wakaenda kukaa nyuma ya hekalu. Walisema wameletwa hapo na njaa na kiu, hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga, mfalme aambiwe. Ni mgomo wa zamani kuliko yote ambao una maandishi, na yako Turin, Italia. Mtoto mmoja awe mwandishi, mwingine ofisa wa hekalu anayebembeleza, wengine mafundi. Msiandike majibu kabla, waacheni wabishane.

Kuna na bi Naunakhte wa kijiji hicho hicho, kama 1145 KK, mama wa watoto 8. Alisimama mbele ya mashahidi akasema mali yake haitakwenda kwa wale watoto ambao hawakumtunza uzeeni. Wosia wake upo mpaka leo. Wasimulieni hii mkiwa mmekaa, hasa watoto wa miaka 10 kupanda, maana inafungua mlango wa kusema kwamba mwanamke wa Misri alimiliki mali yake mwenyewe, aliweza kwenda mahakamani, aliweza kuachana na mume. Kuna familia mjadala huu utaendelea mpaka chakula cha usiku, ni vizuri tu.

Hatua ya 6: shule na namba

Watoto wengi hawakwenda shule, walijifunza kazi ya mzazi. Waliokwenda walikuwa hasa wavulana wa kuwa waandishi, walinakili maandishi kwenye vigae na vibao, viboko vilikuwepo. Herufi za picha za mahekaluni ni ngumu na za kila siku waliandika kwa mwandiko wa haraka unaitwa hieratiki, kwa hiyo msijichoshe na alfabeti za kuandika jina za kwenye intaneti, ni burudani ya dakika tano. Fanyeni namba, hizo ni za kweli na zinafanya kazi: mstari mmoja ni 1, upinde mdogo kama kiatu cha farasi ni 10, kamba iliyojikunja ni 100, ua la yungiyungi ni 1,000, kidole ni 10,000, mtoto wa chura ni 100,000, na mungu aliyeinua mikono ni milioni. Sifuri haipo. Andikeni miaka yao ya kuzaliwa, mfano 2016 ni mayungiyungi 2, upinde 1, mistari 6. Halafu wajumlishe kwa namba hizo hizo.

Kama mko karibu na ziwa mafunjo yapo, chuneni ganda la kijani, kateni utambi mweupe vipande vyembamba, loweka, panga tabaka moja wima moja mlalo, gonga kwa nyundo ya mbao, kandamiza chini ya mawe mpaka ikauke. Utomvu wake wenyewe unashika.

Hatua ya 7: mavazi na michezo, fasta fasta

Nguo ni kitani, nyeupe au ya rangi yake. Watoto wadogo mara nyingi walitembea bila nguo, kichwa kimenyolewa kikaachwa msuko mmoja pembeni. Wanaume na wanawake wote walipaka wanja, mweusi au wa kijani. HAPA TAFADHALI, msiwapake watoto wanja wa asili wa kununua sokoni, aina nyingine zina madini ya risasi na ni sumu kwa mtoto. Chora kwenye picha au tumia rangi salama za uso.

Mchezo ni senet. Kwenye kadibodi chora visanduku 30, mistari 3 ya 10, njia inakwenda kama nyoka, kulia, inageuka, inarudi. Kete 5 kila mtu, vizibo vya soda na vya maji vinatosha. Badala ya dadu tupa vijiti 4 vilivyopasuliwa, upande bapa ukiangalia juu unahesabu, bapa zote zikilala chini ni 5. Kisanduku cha 27 ni maji, ukiingia unarudi cha 15. Sheria kamili za zamani hazijapatikana, hizi ni za kuchezea tu, mkikubaliana badilisheni.

Hatua ya 8: maswali magumu, halafu picha

Watauliza mamii, jibu moja kwa moja: waliamini mtu ataishi tena na atauhitaji mwili, kazi ilichukua siku 70, ilikuwa ghali, watu wengi maskini walizikwa mchangani tu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 8 au mwenye msiba wa karibuni ishia hapo, habari za kutoa ubongo hazina haraka.

Watauliza Firauni mbaya. Usigombane na ustadhi wala mchungaji, msimulie mtoto kwamba huyo ni mtawala mmoja, na kamba iko ukutani aone ilivyo ndefu. Miungu ya nyumbani kama Bes, yule mfupi mwenye sura ya simba aliyeaminiwa kulinda watoto na wazazi wanaojifungua, muieleze kama mlivyoeleza mkate, kwamba ndivyo walivyoamini, waliogopa watoto wasife maana vifo vya wachanga vilikuwa vingi.

Watauliza mapiramidi yalijengwa na watumwa? Waambie wataalamu wengi wanaona ni wafanyakazi waliopangwa na kulishwa, si watumwa. Wape mfano wa Giza, penye piramidi la Khufu, ambako kuanzia miaka ya 1990 wamefukua makaburi ya wafanyakazi na viwanda vya mkate vya kuwalisha. Na mwaka 2013 Wadi al-Jarf kando ya Bahari ya Shamu zilipatikana karatasi za mafunjo za kiongozi wa kikosi anaitwa Merer, ameandika siku kwa siku jinsi watu wake walivyobeba mawe kwa mashua kutoka machimbo ya Tura kwenda Giza zama za Khufu.

Picha pakua mapema ukiwa na wifi, bando litaisha. Tafuta Meketre, ofisa mkubwa wa mfalme, kaburi lake lilitoa vinyago vya mbao vya kama 1980 KK, kiwanda cha mkate, wafumaji, hesabu ya ng'ombe, mashua, nusu viko New York nusu Cairo, na watoto wavifinyange kwa udongo uliobaki kwenye tofali. Tafuta Kha na mkewe Merit wa Deir el-Medina, kaburi lao lilifunguliwa 1906 likiwa halijaguswa, vitanda, nguo, wigi, mikate, vyote viko Turin. Na tafuta kaburi la Menna, ofisa wa mashamba, Luxor, angalia ile picha ya mavuno ya ukutani kwa karibu: chini kuna wasichana wawili wanavutana nywele, na pembeni mmoja anamtoa mwenzake mwiba mguuni. Usiwaonyeshe ziko wapi, wape picha nzima wazitafute.